Sare Arobaini za Warefu

Bi Futi hakuwaamini watu wanaotabasamu karakanani. Mtu anaingia mahali penye cherehani sitini zinazopiga kelele kwa pamoja, vumbi la kitambaa limejaa puani, pasi zinafuka mvuke, halafu yeye anatabasamu? Huyo ana lake jambo. Na yule afisa wa jeshi aliyekuja asubuhi ile alitabasamu kuanzia mlangoni mpaka kwenye meza ya kukatia.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe ndiye mkono wa karakana hii."

"Marahaba. Mikono ninayo miwili, kama wewe. Sema shida yako."

Afisa akacheka kwa meno bila macho, akaweka karatasi mezani. Oda maalumu: sare arobaini za Warefu, ziwe tayari baada ya siku nne, vipimo vimeambatanishwa. Akashukuru mara tatu kabla hajafanyiwa kitu, akaondoka.

Sasa, kabla hatujafika mbali, ujue jambo moja kuhusu Muungano wa Sayari Saba. Sayari hizo zilipigana miaka mingi hadi zikaishiwa watu wa kupigana. Siku zilipoamua kuyaweka majeshi yao chini ya mkataba mmoja, hakuna aliyemwamini mwenzake hata chembe. Ndipo wakakubaliana kwamba hakuna sayari itakayojishonea sare yenyewe. Kila jeshi litavishwa na jirani, ili jirani ajue idadi ya askari kwa kuhesabu suruali. Ni ujanja wa watu wasioaminiana, lakini umelinda amani kuliko hotuba zote. Sayari Nzito, kwao Bi Futi, ikapewa kazi ya kuishonea Sayari Nyepesi.

Kule Nyepesi hakuna kinachomvuta mtu chini, kwa hiyo watu wake hurefuka na kukonda mpaka basi. Ndiyo maana huitwa Warefu. Kwenye Sayari Nzito, ambako hata kikombe cha chai kinachosha mkono, watu ni wafupi na wana vifua vya kabati. Miaka ishirini na miwili Bi Futi amewashonea Warefu na hajawahi kumwona hata mmoja. Lakini aliwajua kwa namba. Kifua inchi thelathini, mguu inchi arobaini na nne. Aliweza kuwakata akiwa amefumba macho.

Akavuta karatasi, akasoma. Kifua arobaini na nane. Mguu ishirini na sita.

"Ala!" alisema peke yake. "Huyu Mrefu kaanguka kutoka wapi, akabonyea hivi?"

Alidhani karani amekosea. Akageuza karatasi ya pili, ya tatu. Wote arobaini walikuwa wafupi, wapana, miguu minene. Hao hawakuwa Warefu. Hao walikuwa watu wa hapa hapa, wa kupita nao njiani, na mtu alitaka wavae nguo za jirani.

Akaenda kwa msimamizi, aliyeitwa Pasi kwa sababu hata leso yake ilikuwa na mkunjo. Mafundi walisema Pasi ana masikio mawili ya kwake na moja la serikali. Ukipiga chafya chini, ghorofa ya juu wanasema afya.

"Bwana Pasi, vipimo hivi vina kasoro."

Pasi hakuinua kichwa. "Vimetoka juu."

"Juu wapi?"

"Juu ni juu tu, Bi Futi. Nenda kashone."

Akarudi mezani, akavisoma upya kimoja kimoja. Hapo ndipo alipofika kwenye kipimo namba ishirini na saba. Bega la kushoto limeshuka inchi moja na nusu. Shingo kumi na saba. Mkono wa kushoto mfupi kidogo kuliko wa kulia.

Kifunguamimba wake alipokuwa na miaka sita alipanda juu ya kabati kutafuta sukari, akaanguka. Bega likavunjika, likaunga vibaya. Tangu siku hiyo kila shati lake Bi Futi aliliwekea sponji bega la kushoto, ili watoto wenzake wasimcheke. Mabega ya namna hiyo wanaweza kuwa nayo watu wengine pia, alijiambia. Dunia ina watu wengi. Lakini karatasi hiyo aliisoma tena.

Jioni mwanawe huyo alikuja, kama alivyokuja kila wiki meli ya barua ilipotua. Alikuwa askari, na alisema kazi yake ni ghalani, kuhesabu mablanketi. Binti, kitindamimba, naye alikuwa askari, tena mbali: Langoni, kile kituo kinachoelea katikati ya anga ambako meli zote za Muungano lazima zipite. Sayari hulilinda Lango kwa zamu, mwaka mmoja mmoja. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Nzito, na Siku ya Kupokezana ilibaki wiki moja. Siku hiyo walinzi arobaini wa Warefu wangefika kuchukua funguo.

Barua za binti zilipitia kambini, na kaka mtu ndiye aliyezileta na kuzisoma kwa sauti. Ilikuwa desturi ya nyumba tangu baba yao alipofariki. Hubana sauti akamwigiza dadake, na Bi Futi hucheka mpaka ashike mbavu, ingawa miwani anayo na kusoma anajua.

"Mama yangu mpenzi," alianza, "huku baridi inauma, na uji wa hapa ungeuona ungelia. Likizo tumenyimwa sote mpaka Siku ya Kupokezana. Tumebaki arobaini tu, tunahesabu siku..." Macho yake yakapita mistari kadhaa bila mdomo. "Anakusalimia sana."

Kisha akaikunja barua, akaitia mfukoni mwake. Siku zote humpa mama yake aiweke kwenye kopo la biskuti. Bi Futi aliliona hilo.

Redioni mtangazaji alikuwa akieleza, kwa mara ya tatu siku hiyo, kwamba Warefu si watu wa kuaminika. Mwanawe akainuka akaizima.

"Baba, simama hapo nikupime," Bi Futi alisema. "Kuna kitambaa kizuri nimekipata, nikushonee shati."

"Mama, mashati ninayo."

"Simama, mwanangu. Usimnyime mama yako raha ndogo."

Alisimama, kakakamaa. Bi Futi akazungusha futi kifuani: arobaini na nane. Shingoni: kumi na saba. Alipofika bega la kushoto alihisi kijana amezuia pumzi. Inchi moja na nusu.

"Ghalani hamjambo?" aliuliza akiwa nyuma yake.

"Hatujambo. Mablanketi tu."

Angeweza kumuuliza pale pale. Lakini ukimuuliza mwanao swali la jela, akikujibu mmefungwa wote wawili, na asipokujibu umeshajua. Akakunja futi, akampa chai.

Usingizi ukamkataa. Kulipokucha alikuwa ameshaipanga hadithi yote, na haikuwa ngumu, maana alikuwa mtu wa kuunganisha vipande. Watu arobaini wa Nzito wanavaa sare za Warefu. Wanafika Langoni kabla ya Warefu wa kweli. Walinzi wanawafungulia, maana ndiyo siku yao. Nani atajua kwamba ni wafupi? Kamera za Lango huonyesha rangi ya sare, hazimsimamishi mtu ukutani kumpima. Wale watakaowaona kwa karibu hawataishi kusimulia. Halafu redio itapiga kelele: Warefu wametuua! Mkataba utachanwa, na vita itaanza upya, na wakubwa waliokuwa wakiitamani wataipata. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Na humo nguoni mlikuwa na mtoto wake wa kwanza, na yule wa mwisho amesimama mlangoni anahesabu siku.

Amwambie nani? Pasi? Pasi ni sikio. Polisi? Oda ina mhuri wa serikali. Amwandikie binti? Barua zote hupita kambini. Alijiona mjinga, mwanamke mzima ana siri ya kuziokoa sayari saba na hana hata jirani wa kumnong'oneza.

Akashika chaki. Mkono ulikaa juu ya kitambaa muda mrefu, kisha ukaanza kuchora wenyewe. Kifua inchi thelathini. Mguu inchi arobaini na nne.

Alikata sare arobaini za Warefu kwa vipimo vya Warefu, kama mkataba unavyotaka. Zilikuwa za kipande kimoja, kuanzia shingoni hadi vifundoni, kitambaa kigumu kisichovutika. Miguu inaweza kupindwa, lakini kifua cha kabati hakiingii kwenye mfuko wa mwavuli. Alizishona mwenyewe akisaidiwa na mafundi watatu, ambao walipewa mikono na kola tu, na hawakuona sare nzima. Walipomuuliza mbona hazungumzi, alisema jino linamuuma.

Kwa sheria ya Muungano, sare zikishahakikiwa hufungwa kwenye masanduku na kupigwa lakiri, na lakiri haivunjwi hadi masanduku yawe ndani ya meli. Hilo ndilo alilolitegemea: watakapozifungua, muda wa kushona nyingine utakuwa umekwisha. Lakini mhakiki alikuwa Pasi.

Siku ya nne Pasi alikuja na daftari lake. Akainua sare ya kwanza kwa mabega. Miguu ikamwagika mpaka sakafuni, ikaendelea, ikalala kwenye viatu vyake vilivyong'arishwa. Pasi akaitazama. Akamtazama Bi Futi. Bi Futi akatazama sindano yake.

"Hii ndiyo oda?" Pasi aliuliza polepole.

"Ndiyo sare ya Mrefu, bwana. Ndivyo zilivyo siku zote."

Cherehani ziliendelea kulia. Pasi akaikunja sare kwa mikunjo minne iliyonyooka, akairudisha sandukuni. Akazihesabu zote bila kufungua nyingine.

"Arobaini," alisema, na akabandika lakiri. "Sawa."

Akaenda zake. Bi Futi hakujua ameokolewa au amechongewa. Kila kiatu kilicholia ngazini siku zilizofuata alidhani kinamjia yeye. Kama Pasi alipiga simu juu, basi sare nyingine zilishonwa mahali pengine na yeye hapa anajidanganya. Alikula nusu sahani, akamwaga nusu.

Siku ya Kupokezana aliwasha redio asubuhi, akakaa mbele yake na futi shingoni. Saa nne, hakuna kitu. Saa sita, muziki. Saa saba mtangazaji akasema, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa, kwamba walinzi wa Sayari Nyepesi wamepokea funguo za Lango kwa amani, na vijana wetu wako safarini kurudi. Bi Futi akalia kwa sauti, akajiziba mdomo na kitambaa, akalia tena.

Siku ya tatu yake, alasiri, mwanawe aliingia bila hodi. Alikaa kwenye kochi bila kuvua viatu.

"Mama, wakija watu karakanani kukuuliza habari za vipimo, sema hukumbuki."

"Nakumbuka vizuri sana. Nitawaambia karani alikosea, nami nikamsahihishia. Mrefu hushonewa kwa kipimo cha Mrefu." Bi Futi akasogeza kiti, akakaa mbele yake. "Lakini wewe vipimo umevijulia wapi? Si uko ghalani?"

Kijana akainamisha kichwa.

"Hata mkono haukupita," alisema. "Kamanda alichana moja kwa kisu, ikawa matambara. Tukabishana, muda ukaenda, meli ya Warefu ikafika kabla yetu. Tukageuza."

"Dada yako alikuwa pale."

"Tuliambiwa wamehamishwa, mama. Wote. Wallahi tuliambiwa hivyo."

Bi Futi alitamani kuamini. Kisha akaona pembe ya bahasha mfukoni mwa shati, shati lile lile lenye sponji begani.

"Hiyo nini?"

"Barua yake. Imefika leo. Aliiandika kabla ya Siku ya Kupokezana." Akaitoa, akaifungua, na kwa mazoea akabana sauti. "Mama yangu mpenzi..."

Sauti ikakatika. Macho yakatangulia, yakarudi, yakatangulia tena.

"Endelea."

"Anasalimia tu, mama."

"Leta hapa."

Akachukua miwani kwenye kopo la biskuti, akaivaa, na kwa mara ya kwanza tangu awe mjane akasoma barua ya mwanawe mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe.

"Mwambie kaka barua yake nimeipata. Eti nijifanye mgonjwa Siku ya Kupokezana, nisikaribie mlango, na hasemi kwa nini. Mwambie askari hafanyi hivyo, na aliyenifundisha hilo ni yeye. Nimeomba nisimame wa kwanza, nimkabidhi Mrefu funguo kwa mkono wangu. Nitakusimulia sura yake ilivyo."

Kijana alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Wa kwanza?" aliuliza.

"Wa kwanza," alisema Bi Futi. "Wewe ulimkumbuka dada yako. Wale thelathini na tisa hawana kaka?"

Kijana alilia kama alivyolia siku ile alipoanguka kutoka kabatini, na bega lililoshuka likitetemeka kuliko lile lingine. Bi Futi alimpenda sana. Na alimwogopa, mtoto wake wa kumzaa, jambo ambalo hakujua kwamba linawezekana.

Akaikunja barua, akaitia kifuani mwake.

"Kesho asubuhi dada yako anashuka," alisema. "Utakwenda kumpokea wewe. Mimi nitakuwa nyuma yako."