Pumzi ya Chumba

Yavor hakuwa na tabia ya kudanganya. Alikuwa fundi wa vigae vya paa, na fundi wa paa akidanganya, mvua ya kwanza humuumbua. Lakini wiki tatu kabla ya Jumapili ya Matawi mama yake alipiga simu kutoka mji wa Varna, akauliza piano ina hali gani. Yavor akajibu kwamba haijambo, juzi tu ameipanguza vumbi.

Piano haikuwapo. Ilikuwa imeondoka miaka miwili nyuma, vuli ile ambayo mama yake, Bi Nevena, mwalimu mstaafu wa chekechea, aliteleza uani akavunjika nyonga, na Kalina, dada yake Yavor, akamchukua kwenda kumuuguza Varna. Yavor akabaki peke yake nyumbani, mjini Troyan, na banda la kuni tupu. Ndipo alipotokea kijana kutoka jiji la Sofia, mwenye skafu ndefu, akisema anatafuta piano za zamani. Siku mbili nzima yule kijana alitumbukiza vipaza sauti ndani ya piano na kugonga vidole vya piano kimoja kimoja, polepole, kisha kwa nguvu, kisha kwa nguvu zaidi. Yavor alidhani hivyo ndivyo watu wa mjini wanavyokagua bidhaa, akawa anampikia kahawa. Siku ya tatu lori lilileta mita nne za ujazo za kuni za mwaloni na kuondoka na piano. Mwaloni ulikuwa mstari wa juu tu. Chini yake palikuwa na miti laini ya kando ya mto, mibichi, iliyotoa moshi mpaka Machi.

Sasa mama alitaka kurudi, lakini kwa sharti.

"Kama piano ipo, narudi," alisema kwenye simu. "Kama ni kukaa natazama ukuta, hata Varna kuna kuta. Nirekodie ule waltzi wa baba yako, ile dansi niliyokufundisha kuipiga, Kalina aniwekee kwenye simu. Nikiusikia ndiyo nitakata tiketi ya basi."

Yavor alimtaka mama yake nyumbani. Miaka miwili alikuwa akila samaki wa kopo amesimama dirishani, akizungumza na kopo. Akapanga hivi: arekodi waltzi, amtumie, na mama akifika, amwambie piano imepelekwa kwa fundi wiki hiyo hiyo. Mama akishaingia ndani na kuvua koti, haendi tena popote.

Kilichobaki ni sauti ya piano. Alikuwa na kinanda cha plastiki alichoachiwa na mpwa wake. Jirani yake Stoimen, tarishi mstaafu aliyejirekodi nyumbani akiimba nyimbo za harusi, alikisikiliza kidogo akasema kimelia kama vijiko kwenye ndoo. Akamweleza kwamba siku hizi piano inanunuliwa ikiwa sauti tupu, inaingia ndani ya kompyuta, na kinanda kinabaki kuwa vidole tu. Zipo za bei zote. Akamwonyesha jukwaa la mtandaoni ambako wajuzi wa mambo hayo hukutana.

Yavor aliandika huko kwamba anataka piano ya bei nafuu, kuukuu, iliyochakaa kidogo, kwa ajili ya waltzi mmoja. Akapata majibu sitini na nne, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za waltzi. Wa kwanza alisema hakuna piano ya maana chini ya euro mia nne. Wa pili alisema hizo za mia nne ni za viziwi. Watu wawili waligombana kama kifuniko cha piano kiwe wazi kabisa au nusu, wakafika mpaka kutukaniana mama zao. Mmoja aliyejiita Pembe Halisi, mwenye piano kumi na moja ndani ya kompyuta yake, alimshauri abadilishe kwanza kompyuta, kisha spika, kisha chumba. Stoimen alisema anamfahamu huyo jukwaani kwa miaka sita, na hajawahi kumsikia akimaliza wimbo hata mmoja.

Wiki nzima Yavor alijaribu piano za majaribio, zile unazopewa siku chache bila malipo ili uzoee utamu. Moja ilijaza kompyuta mpaka picha za vigae vya wateja zikakosa pa kukaa. Sauti yake ilikuwa safi, pana, yenye mwangwi wa ukumbi wa marumaru, na waltzi wa marehemu baba ulipopigwa humo, ulisikika kana kwamba marehemu alikuwa na benki. Nyingine ilikuwa rahisi, nayo ikalia kama vijiko vilevile, ila ndoo sasa ilikuwa kubwa. Kati ya hizo mbili zilikuwapo piano kuukuu, zenye vumbi na milio ya kiti kibovu, na bei yake ilimshangaza. Umaskini wa kwake ulikuwa wa bure, lakini wa kwenye kompyuta uliuzwa kwa bei ya juu.

Ndipo Stoimen alipokuja na habari ya piano iliyoitwa Bibi wa Milimani, euro ishirini na tisa. Tangazo lilisema ilikuwa ya binti wa ukoo wa kifalme aliyefia juu ya vidole vya piano hiyo mwaka 1911, na kwamba ilirekodiwa katika jumba lake lililotelekezwa mlimani. Jukwaani walikuwa wameipenda kufa. Walichokisifu hasa ni kitufe kimoja kiitwacho Pumzi ya Chumba: ukikizungusha, unasikia hewa ya jumba lenyewe, nzito na yenye huzuni. Pembe Halisi aliandika kwamba alikizungusha akalia machozi.

Yavor akaipakua kwa majaribio, akaanza kugonga vidole vya kinanda. Alipofika kwenye noti ya sol ya katikati, kitu kikalia tik. Akagonga tena. Tik. Lilikuwa kokwa la plamu, alilolidondosha ndani ya piano ya mama akiwa darasa la nne na ambalo hakuna fundi aliyewahi kulitoa. Akakizungusha kile kitufe mpaka mwisho. Ukaja mngurumo wa chini, ukaendelea, kisha mtikisiko mkubwa kama wa farasi anayejikung'uta maji.

"Stoimen," alisema, "hii ni friji yetu."

"Friji gani, jirani? Hiyo ni pumzi ya jumba."

"Friji ya mama. Miaka ishirini na saba nimelala nikiisikia ukutani. Binti wa kifalme alikuwa na friji mwaka 1911?"

Stoimen alisikiliza tena, akavua kofia. "Basi una bahati. Lipa ishirini na tisa, yaishe."

"Nilipie friji yangu mwenyewe?"

"Uliiuza."

"Niliuza piano. Friji sikuiuza."

Hata hivyo alilipa, huku akimtukana kijana wa skafu na skafu yake. Jumatano mchana akaurekodi waltzi mara moja tu, bila kurudia. Busara ingemwambia aishushe Pumzi ya Chumba. Aliiacha juu kabisa, kwa sababu kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili nyumba ilisikika kama nyumba.

Alhamisi mama alipiga simu. Alipenga kamasi kwanza. "Ndiyo yenyewe," alisema. "Hata kokwa lako limo. Nimekata tiketi."

Jumapili ya Matawi ni sikukuu ya wote wenye majina ya maua na miti, kwa hiyo Yavor, Nevena na Kalina husherehekea siku moja, na siku ya jina la mtu hakuna anayealikwa wala anayefukuzwa: anayekumbuka anakuja. Mpaka saa saba walikuwa wamekuja kumi na wanne. Mama, aliyefika kwa basi pamoja na Kalina, alikaa kichwani pa meza, fimbo magotini. Alikuwa ameutazama ukuta wa sebule, mahali ambapo sasa palisimama rafu za mitungi ya pilipili, na Yavor akatoa maneno yake aliyoyakariri: piano imekwenda kwa fundi mjini Lovech, Ijumaa tu. Mama alisema samaki amekosa chumvi.

Ingeishia hapo kama Stoimen asingekunywa glasi ya tatu. Alitaka wageni wajue nani alimfundisha Yavor kurekodi, akaunganisha simu na spika, akapaza sauti. Waltzi ukaenda mpaka mwisho, noti ya mwisho ikafifia, na nyuma yake ukabaki mngurumo ambao kwenye simu tupu haukusikika, kisha farasi akajikung'uta.

Mama akaweka uma chini.

"Yavor, umerekodi lini?"

"Jumatano, mama."

"Jumatano hii?"

"Hii."

Akanyoosha fimbo kuelekea jikoni. Mlangoni ilionekana friji nyeupe, mpya, iliyo kimya kama mgeni. Hela yake mama aliituma mwenyewe kutoka Varna wakati wa Mwaka Mpya, Yavor alipomwambia kwamba ile ya zamani imekufa na amekwisha kuitupa.

"Kwa hiyo ile maiti ilifufuka Jumatano," alisema mama, "ikaitikia waltzi, ikafa tena."

Stoimen alianza kumchambua samaki miba ambayo haikuwapo. Yavor alisema yote, mbele ya watu kumi na wanne: skafu, vipaza sauti, lori.

"Kuni mita ngapi?"

"Nne."

"Mwaloni?"

"Mstari wa juu."

"Na wewe kazi yako ni kukagua paa za watu." Wageni wakaanza kucheka kwa pua. Mama hakucheka. "Ungeniambia."

"Ungebaki Varna."

"Ningebaki," alikiri mama.

"Sasa unarudi huko?"

"Kalina ana friji isiyosikika na mume asiyesikika," alisema mama, na Kalina akainamia sahani yake. "Miaka miwili nimeishi kama nimeshonewa ndani ya mto wa pamba. Kiko wapi hicho kiplastiki?"

Wakamsogezea, kikiwa kimeunganishwa na kompyuta. Alikigusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayekagua nyama ya buchani, akasema ni cha mtoto asiyependwa. Kisha akaanza waltzi. Kila alipofika kwenye sol alingoja nukta moja, kama alivyokuwa akingoja siku zote, mpaka kokwa liseme tik, ndipo akaendelea.

"Shusha friji," alisema bila kugeuka. "Imenipigia kelele vya kutosha."

Yavor akakishika kitufe, akakirudisha nyuma.

"Siyo yote. Acha kidogo."

Basi la Jumatatu la kwenda Varna liliondoka bila mama. Siku hiyo alimlazimisha Yavor aandike jukwaani kwamba pumzi ya jumba ni friji, na kwamba piano ilikuwa ya mwalimu wa chekechea. Pembe Halisi alijibu kabla kahawa haijapoa: mtu anayesikia friji katika huzuni ya binti wa kifalme auze masikio yake, na kwamba yeye mwenyewe amekwisha kuinunua, piano yake ya kumi na mbili.

Mama aliomba asomewe mara mbili. Kisha akaagiza ajibiwe kwamba binti wa kifalme hajafa, ana nyonga mbovu, na anataka kuni kavu. Yavor akaandika hivyo hivyo.