Harufu ya Jeuri

Mtaa mzima ulimwita Povu. Wageni walidhani ni kwa sababu alitengeneza bia. Waliomjua vizuri walisema ni kwa sababu ya mdomo wake, maana akikasirika haambiliki, maneno yanamtoka mpaka msikilizaji anajuta kuuliza.

Kiwanda chake kilikuwa kidogo, kimejibanza nyuma ya gereji la zamani: sufuria kubwa ya kuchemshia, matangi ya chuma, chumba cha baridi, na mbele kaunta yenye viti virefu. Alikuwa na bia za aina kadhaa, lakini iliyomtoa ni moja tu, India Pale Ale aliyoipa jina la Jeuri. Ilikuwa chungu kwelikweli, tena yenye nguvu kiasi kwamba glasi ya pili ikiisha mtu anaanza kumwita kila aliye karibu "ndugu yangu." Mambo yote yalikuwa kwenye hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu na harufu. Povu aliyatia bila huruma. Ukiinua glasi ya Jeuri, harufu ya maganda ya chungwa na majani mabichi ilikupiga usoni kabla hujaonja.

Basi siku moja harufu ile haikuwepo.

Povu alikuwa ametoka kuugua mafua mazito yaliyomlaza kitandani. Aliporudi kazini, jambo la kwanza alivuta Jeuri kidogo kutoka kwenye tangi, akanusa. Kimya. Akanusa tena, akaonja. Uchungu ulikuwepo, lakini mtupu, kama kidonge kilichogoma kooni.

"Shemeji!" aliita. "Hii bia umeifanya nini?"

Shemeji, kaka wa mkewe, ndiye aliyeshika kazi wakati wa ugonjwa, na ndiye aliyeagiza na kupokea hopsi. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kufikiri kwanza ndipo ajibu. Siku hiyo Povu aliuona upole ule kama ujanja.

"Sijaifanya kitu. Nimefuata kama unavyofuata wewe. Kwani vipi?"

"Onja."

Shemeji akaonja, akameza, akafikiri. "Mbona iko sawa? Inanukia vizuri tu."

Povu alimkodolea macho. Inanukia! Mtu anamdanganya mchana kweupe, na uso mkavu vile vile.

Aliingia chumba cha baridi, akafungua mfuko wa hopsi, akazamisha uso wote ndani. Angeweza kuwa amezamisha uso kwenye pamba. Hapo ndipo wazo lilipomwingia na kukaa: shemeji anatoa hopsi nzuri anaziuza pembeni, halafu anajaza mifuko takataka zilizokwisha nguvu. Na anamuuzia nani? Nani mwingine, kama si Kipara, mwenye kiwanda kingine cha bia upande wa pili wa soko, aliyekuwa akiitamani Jeuri tangu zamani?

Toka hapo Povu hakuwa na raha. Ufunguo wa chumba cha baridi, uliokuwa ukining'inia kwenye msumari, aliutia mfukoni. Mifuko aliifunga kwa fundo lake mwenyewe, na asubuhi alilikuta fundo halijaguswa. Badala ya kutulia, akajiambia kwamba mtu mjanja hashindwi kuiga fundo. Wateja aliwauliza bia ikoje. Waliposema nzuri, alihisi wamepangwa. Hata nyumbani hakukukalika. Chakula cha mkewe kilikuwa hakina ladha, siku baada ya siku, naye akaona sababu ni wazi: dada na kaka lao moja, na sasa mwanamke anampikia kwa kinyongo.

"Baba watoto, mbona huli?" mkewe aliuliza.

"Muulize kaka yako."

"Kaka yangu ndiye mpishi humu ndani?"

Povu alisukuma sahani, akaenda kulala akiwa amenuna.

Alipopika Jeuri mpya aliamua kujihami. Kama hopsi zimechoka, atatia maradufu. Akatia, akaongeza, na baada ya kuonja akaongeza tena. Bia ilipotoka, glasi zilianza kurudi kaunta zikiwa nusu. Mama mmoja fundi cherehani, mteja wa tangu kiwanda kinafunguliwa, alikunja uso mpaka macho yakapotea.

"Povu, leo umetuchemshia bustani? Ulimi wangu umekufa ganzi."

"Nani kakutuma useme hivyo?"

"Nani anitume? Ulimi ni wangu!"

Mama yule alishuka kitini akaenda zake, na Povu, badala ya kujiuliza, alimgeukia shemeji aliyekuwa akifuta kaunta kwa utulivu wa kutia hasira. Huyu anageuza watu mmoja mmoja, aliwaza.

Kisha akamwona kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa akirudi kutoka sokoni alipoiona gari ya Kipara imeegeshwa kando ya duka la vipuri, na shemeji ameinama dirishani. Kitu kilitoka mkono mmoja kwenda mwingine. Chupa. Lebo nyekundu ya Jeuri ilionekana wazi. Kipara alifungua, akainusa, akatikisa kichwa, wakanong'onezana.

Povu alijificha nyuma ya nguzo kama mdeni. Hakupiga kelele. Kwa mtu wa aina yake, huko kunyamaza ndiko kulikokuwa kubaya zaidi.

Asubuhi iliyofuata aliwahi kiwandani kuliko kawaida. Alitaka shemeji akifika akute kazi imekwishaanza, ajue hahitajiki tena, ndipo amtapikie yote. Alijaza maji kwenye sufuria kubwa, akainama mbele ya jiko la gesi, akatoa kiberiti. Alikuwa ameshika njiti aliposikia mlango ukigonga ukuta na hatua za mtu anayekimbia. Kabla hajageuka alipigwa kikumbo, kiberiti kikaruka, naye akaanguka chali kwenye sakafu yenye maji.

Shemeji alikuwa amesimama juu yake, anahema.

"Sasa umeamua kuniua kabisa!" Povu alifoka.

Shemeji alikimbilia mtungi, akafunga valvu kwa mikono miwili, akafungua madirisha yote na mlango wa nyuma, kisha akamvuta Povu kwa kwapa mpaka nje, kwenye jua.

"Shemeji, una akili?" Sauti yake ya upole haikuwepo tena. "Gesi imejaa humo ndani! Nimeisikia tangu getini! Ungewasha, tungeokota vipande!"

"Gesi gani? Mimi sijasikia kitu."

"Hujasikia?"

"Hakuna harufu yoyote humo."

Mfanyakazi wa gereji alikuwa amejiziba pua kwa fulana, anawauliza kwa sauti kama wamepasua mtungi. Povu alivuta pumzi ndefu, kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili. Hewa iliingia tu, safi, bure. Akakaa chini kwenye tofali, akafunika uso. Alikumbuka vyakula vya mkewe, na yule mama fundi cherehani, na uso wake mwenyewe ndani ya mfuko wa hopsi.

"Na Kipara?" aliuliza baadaye, bila kuinua kichwa. "Nimewaona jana."

Shemeji alifikiri kwanza. "Kila siku unaniambia bia mbovu, mimi naiona nzuri. Nikaanza kujishuku. Nikamwomba mtu wa nje aonje aniambie kama kasoro ni yangu. Akasema hopsi ni nzuri, ila kuna mtu anazimwaga kama mwenda wazimu."

Daktari wa pua na masikio alisema mafua yameumiza mishipa ya kunusa. Huenda uwezo wa kunusa utarudi, huenda usirudi. Povu alimwomba mkewe msamaha siku hiyo hiyo, naye akasamehe, lakini si kabla ya kucheka mpaka akashika ukuta.

Kwa shemeji ilikuwa ngumu zaidi. Samahani ilitoka, lakini kazi ilibaki kwamba sasa kila tangi lingemlazimu kuamini pua ya mtu mwingine, na kuamini hakukuwa fani yake. Jeuri mpya ilipokuwa tayari, alivuta glasi, akamsogezea, akamchunguza uso kama polisi.

"Sema ukweli. Usinibembeleze."

Shemeji alinusa kwa muda mrefu. "Chungwa lipo. Majani yapo." Akanusa tena. "Na usikasirike, shemeji, lakini kwa mbali kuna kitunguu."

"Kitunguu?"

"Kitunguu. Hopsi zimezidi. Mimi siwezi kuiuza hivi."

Povu alisubiri hasira ipande. Haikupanda. Alivuta kiti akakaa.

"Haya," alisema. "Tuimwage. Halafu uniambie wewe ungetia hopsi kiasi gani."