Okidi ya Mwisho wa Dambo

Nakamba alikuwa na macho ya kuona okidi. Wanawake wengine wa kijiji chao, kule kaskazini mwa Zambia, walisubiri zichanue ndipo wazijue. Yeye alizitambua kwa jani tu, zikiwa zimejificha kwenye nyasi za dambo, lile bonde oevu, maji yakimfika vifundoni. Viazi vya okidi hizo vikikaushwa, vikatwangwa na kupikwa na karanga, ndiyo chikanda, na karamu ya mkwe, ambapo upande wa binti humpikia mchumba wake, bila chikanda ni aibu kwa Wabemba.

Ndiyo maana Kasonde, mwanamke wa kijiji jirani, alikuja kwake, kitenge kipya cha zawadi mkononi na uso wa unyenyekevu, kana kwamba amesahau. Nakamba hakuwa amesahau. Kwenye karamu ya mkwe ya bintiye Chomba, ni huyu huyu Kasonde, akiwa mgeni wa upande wa mume, aliyetema chikanda kiganjani na kusema, "Viazi dume hivi, havina ladha. Mama asiyejua kuchagua kiazi, binti kamfunza nini?" Shangazi za bwana harusi wakacheka, sahani ikasukumwa kando, na haikupita miezi mingi uchumba ukavunjika. Chomba alipanda basi la kwenda mjini Kitwe na hakurudi tena, hata kwa msiba wa babu yake.

"Bana Chomba," Kasonde alisema, akimwita kwa jina la binti kama ilivyo desturi, "Lubuto wangu anaolewa. Dambo la kwetu limechimbwa likaisha. Nionyeshe lako, dada."

"Twende. Beba kikapu na jembe. Mimi mgongo unanisumbua."

Mwisho wa dambo, penye mawe, huota okidi moja ya ajabu. Jani lake ni lile lile la chikanda kitamu. Tofauti iko chini ya shina, kwenye madoadoa ya zambarau ambayo huyaoni mpaka upangue matope. Kiazi chake hakiui mtu, ila kimoja tu kikiingia kinuni, sufuria nzima inakuwa chungu kama shubiri. Na chakula cha mkwe hakionjwi jikoni. Ni mwiko, hata chumvi hutiwa kwa kukisia.

Kasonde alipiga magoti kwenye matope. "Hii siyo yenyewe?"

Nakamba aliinama, akapangua matope kwa kidole. Madoadoa yalikuwepo. Moyo ulimruka kwa furaha mbaya, wala hakuona haya.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Chimba. Na hiyo nyingine hapo, usiiache."

"Mungu akuweke."

"Aniweke. Nataka niione siku hiyo."

Na kweli aliiona. Wanawake waliingia kwa mkwe wakiimba, vyombo vichwani, wakavifunua kimoja kimoja: kuku, maharage, kisamvu. Chikanda kilifunuliwa mwisho, vipande vinono vya rangi ya kahawia. Nakamba alijisogeza mbele apate kuuona vizuri uso wa Kasonde ukimshuka.

Kasonde alipiga magoti, akapiga makofi ya heshima. "Wakwe zangu, kabla hamjala. Chikanda cha Bana Chomba siku ile kilikuwa kitamu. Nilisema uongo kwa wivu tu, nikamvunjia mtoto wake uchumba. Viazi vya leo amevichagua yeye mwenyewe. Naomba yeye ndiye aanze."

Shangazi wa bwana harusi akampa Nakamba kipande kwa mikono miwili. Nakamba akatafuna. Uchungu ulimpanda mpaka masikioni.

Angeweza kukitema na kusema amekosea kuchagua. Harusi ingepona, na jina lake tu, jina la mwanamke asiyekosea jani, ndilo lingezikwa. Akinyamaza, vyote viwili vingekwenda na maji. Alimfikiria Lubuto, aliyebaki nyumbani akisubiri habari kama Chomba alivyosubiri, akamwonea huruma. Kisha akamtazama Kasonde. Alikuwa akilia kile kilio cha mtu aliyetua mzigo, na wanawake walikuwa wakimpapasa mgongo na kumsifu kwa moyo wake. Yaani ndiyo imekwisha hivyo, kwa maneno mawili na machozi? Chomba alikuwa bado yuko Kitwe.

Nakamba akameza. Akajifuta midomo kwa ncha ya kitenge kile kipya.

"Kitamu," alisema. "Mpeni bwana harusi kipande kikubwa."