Nyumba ya Wegesa Yapanga Foleni

Saa moja asubuhi Kisyeri, mlinzi wa geti la mgodi, aliweka chini kikombe chake cha uji, akapuliza filimbi na kuziambia nyumba zisogee zisizibe njia ya malori. Nyumba zikasogea. Ya mbele ilikuwa na bati jipya, na mlango wake ulikuwa bado umebandikwa bei ya dukani.

Hizo zilikuwa nyumba za tegesha. Watu wakisikia shimo la mgodi litapanuliwa kuelekea kwao, hujenga chapuchapu nyumba ya kutegea fidia, wasiweke kitanda wala jiko, wakamsubiri mthamini. Sasa, nyumba ambayo hakuna aliyewahi kulala ndani yake haina uzito. Zilipochoka kumsubiri mthamini, zilimfuata zenyewe. Kampuni, inayopenda utaratibu kuliko ugali, ikatoa kanuni: nyumba isiyofika getini haithaminiwi. Aliyeiandika ni Rhobi, ofisa mahusiano, na alipigiwa makofi.

Wiki hiyo Rhobi alikuwa anaacha kazi. Anakwenda Kanada kuanza maisha mapya, kutunza wazee. Chumba chake cha Nyamisangura kilikuwa kimebaki na godoro na begi, na ofisini walishamkatia keki.

Kilichobaki ni kumuaga mama yake, Wegesa, aliyekaa kilimani, upande wa Busawe. Kila baruti ilipolipuka shimoni, ukuta wa nyumba yake ulipasuka zaidi. Ufa ulianza kama unywele; siku hizi kuku walipita humo bila kuinama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mthamini yuko wapi?"

"Mama, nyumba lazima ifike getini."

"Ifikeje? Nyie wote mmezaliwa humu. Na baba yako amelala hapo uani, ameushikilia msingi."

"Ndio utaratibu."

"Mjinga gani aliuandika?"

Rhobi akanywa chai.

"Nasikia unakwenda kuogesha wazungu wazee."

"Ni kazi ya kusomea, mama."

"Sijakataa. Hata mimi ni mzee. Nimekosea tu kuzaliwa Busawe."

"Suala lako linashughulikiwa. Nitalifuatilia nikiwa huko."

Kesho yake Rhobi alimwomba meneja ampeleke mthamini kilimani. Meneja alisema huo ungekuwa upendeleo wa kindugu, akamsifu kwa kanuni nzuri, akamwongezea keki.

Asubuhi Rhobi alipopanda basi la Mwanza kwenda kupanda ndege, nyumba ya Wegesa ilitikisika. Wanawe wengine walishakwenda zamani: Geita, Dar, mmoja Nairobi. Nyumba hubeba uzito wa wanaotarajiwa kurudi, na Rhobi ndiye aliyekuwa amebaki. Msingi ukang'oka ardhini. Wegesa akatoa moto jikoni, akafunga mbuzi kwenye nguzo ya baraza, akamwaga togwa kidogo kwenye kaburi la mumewe.

"Tunatoka mara moja," alimwambia. "Wanatuita ofisini."

Nyumba iliteremka polepole, kwa ajili ya kuku.

"Shikamoo mama," Kisyeri alisema getini. "Foleni inaanzia kule nyuma."

Zamu yao ilipofika, alitoka Abednego, kijana kutoka Mbeya aliyerithi meza ya Rhobi. Aliangalia masizi darini, vitanda, ufa. Kuku mmoja akapita katikati ya miguu yake.

"Imefikaje hapa?"

"Kwa miguu yake."

"Mama, nyumba ya kweli haitembei. Hii ni tegesha."

"Na isiyotembea?"

"Isiyofika hatuithamini."

Wegesa alimtazama kwa huruma. "We mura, mama yako anajua unafanya kazi gani?"

"Anajua. Anajivunia."

Kisyeri akageukia ukutani, mabega yakimcheza. Nyumba yenye bei mlangoni ilipigwa picha, ikawekwa namba, ikaondoka na furaha zake. Wegesa alirudisha yake kilimani, akakuta uzio na kibao kipya. Kampuni ilikuwa imeona kiwanja hakina nyumba. Kaburi la mumewe lilikuwa ndani ya uzio, na mlinzi aliyewekwa hapo hakuruhusu wageni.

Nyumba ilisimama kidogo mbele ya uzio. Kisha ikageuka, ikashika njia ya Tarime mjini, ikapita.

Kule Kanada, Rhobi alikuwa anamchana nywele bibi mmoja ambaye watoto wake wanaishi mbali na wana shughuli nyingi. Nje kulikuwa na theluji. Simu ikaita.

"Mama? Uko wapi?"

"Sirari. Nyumba imekataa kusimama, inakufuata wewe. Sasa watu wa mpakani wanataka pasipoti, yangu na yake. Wewe si mtu wa ofisi? Hebu wajibu."

Rhobi aliangalia theluji. Alitafuta la kusema. Kinywa kilichokuwa kimefanya kazi ofisini miaka yote hiyo kikalipata kabla yake.

"Waambie wasubiri, mama. Suala lenu linashughulikiwa."

Upande wa pili kuku walilia. Kisha akamsikia mama yake ameweka simu kando, anaongea na nyumba.

"Haya, keti," alisema. "Bado tuko getini."