Pikipiki Iliyokula Mahari

Kaka yangu Mayunga tulimzika Jumanne. Jumamosi yake baba mdogo Machibya alikuwa ameshamleta mtu wa kuinunua pikipiki yake.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka 1996, nyumbani kwetu Ngulyati. Pikipiki ilisimama karibu na zizi, pale pale alipoiacha siku homa ilipomwangusha. Ilikuwa nyeupe na bluu, ndefu, tangi lake limetuna kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Ilikuwa na taa mbili za mbele, kioo cha kukinga upepo, bamba la chuma chini ya injini la kuzuia mawe, na ekzosi iliyopanda juu hadi karibu na kiti. Iliundwa kwa mfano wa zile zinazoshindana jangwani. Watu wa kijiji waliiita Twiga.

Mzungu mmoja aliyepita akisafiri nayo aliiuza Mwanza nauli ilipomwishia, ikakaa dukani mwaka mzima bila mnunuzi. Sokoni haikuwa na mahali pake. Walimu na mabwana shamba walitaka pikipiki ndogo isiyokunywa mafuta na yenye spea hadi Bariadi. Wenye uwezo walitaka ile kubwa ya barabara, au walinunua pikapu kabisa. Hii ya katikati, yenye injini ya cc mia sita hamsini, ilionekana haimfai mtu.

"Kijana, hii ni ya mashindano," muuzaji alimwambia kaka. "Huko kwenu nani anashindana?"

"Sisi wa pamba," kaka akamjibu.

Hakukosea. Kampuni za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa kununua pamba, na chama cha ushirika hakikuwa tena peke yake. Bei ya asubuhi siyo ya jioni. Kaka alikuwa wakala wa mnunuzi mmoja wa mjini. Alitangulia vijijini na bei, akakubaliana na wakulima, lori likafuata nyuma. Aliyefika kwanza ndiye aliyepakia. Na msimu wa pamba mbuga huwa imekauka, ina nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na mito ni mchanga mtupu. Pikipiki ndogo ziliangukia kwenye nyufa. Zile nzito zilizama mchangani. Twiga alipita.

Watu walicheka hata hivyo. "Mayunga, tukuletee ngazi ushuke?" Na kaka alipoanza kumfundisha mke wake, Generoza, kuendesha kwenye shamba lililovunwa, vicheko vilizidi. Wifi yangu ni mfupi. Miguu yake haikugusa chini, kwa hiyo aligeuza kinu chini juu, akasimama juu yake, ndipo akapanda. Wanawake kisimani wakamwambia, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, "utazaa watoto wenye matairi." Yeye akajibu, "Nyie mtawasubiri wawape lifti."

Kaka alipofariki, mnunuzi wa mjini alimtumia Generoza ujumbe: akiwa na pikipiki, kazi ya mumewe ni yake msimu ujao. Asipokuwa nayo, pole sana. Wifi alikuwa na watoto watatu. Ndiyo maana Jumamosi ile, wazee walipoketi kugawa mali ya marehemu, aliingia amefunga ufunguo kwenye pindo la kanga yake nyeusi.

Mnunuzi aliyeletwa na baba mdogo aliitwa Constantine, wakala wa kampuni nyingine, mshindani wa kaka. Alikuwa na pikapu nzuri, lakini kila msimu alimkuta Mayunga ameshatangulia. Upande wa pili walikaa watu wa Kalemela, kwao Generoza: baba yake Mzee Jilala na ndugu zake waliokuja kuzika.

"Violeth, wewe umesoma," baba mdogo aliniambia. "Andika yote tutakayosema, kusije kukawa na maneno baadaye."

Nikachukua daftari. Kalamu ilikuwa ya kaka.

Nguo ziligawiwa. Baiskeli akapewa shemeji mmoja. Ilipofika zamu ya pikipiki, Generoza alisema, "Hiyo ni ya kazi yangu."

Constantine akacheka. "Mama, hiyo ni pikipiki ya rali. Hata wanaume wanaiogopa."

"Ndiyo maana umekuja kuinunua na gari la magurudumu manne."

Watu wa Kalemela wakaguna kwa furaha. Baba mdogo akainuka.

"Mayu, usijibizane na wageni. Mimi nilitaka kuficha jambo hili, lakini sasa nitalisema." Akatugeukia sote. "Juzi nimekutana na mtu wa mnadani. Amenieleza. Zile ng'ombe kumi na mbili alizotoa Mayunga kwenye zizi letu, miaka miwili imepita, tukajua anazipeleka Kalemela kwa mahari aliyodaiwa tangu aoe, hazikufika Kalemela. Hata moja! Aliziuza mnadani, akaenda Mwanza kununua hili dude. Kwa hiyo hii siyo pikipiki ya Mayunga. Hizi ni ng'ombe zetu. Nani anabisha?"

Baba mdogo alikuwa amenyooka kama mtu aliyeshinda kesi.

"Violeth, umeandika?"

"Nimeandika, baba."

"Lete niweke dole."

Aliweka dole gumba kwa wino wa kalamu ile. Generoza alimsubiri afute kidole.

"Wifi, nisomee hayo maneno," akaniambia. "Polepole."

Nikasoma. Nilipofika "hazikufika Kalemela, hata moja," mzee mmoja wa ukoo wetu alishika kichwa. Mwingine akasema kwa Kisukuma neno ambalo sitaliandika.

"Baba mdogo," Generoza alisema, "kumbe mimi sijaolewa kwa ng'ombe?"

Generoza akawageukia wazee.

"Mwanamke asiyetolewa ng'ombe, watoto wake ni wa nani?"

Kila mtu pale alijua. Ni wa baba yake mwanamke. Na kati ya watoto wa kaka, wawili ni wasichana. Ng'ombe za mahari yao siku moja zingeingia kwenye zizi la Kalemela, siyo letu.

"Futa hayo," baba mdogo akaniambia.

"Umeweka dole, baba."

"Nimesema futa!"

Hiyo ndiyo siku ya kwanza maishani nilipomkatalia mkubwa. Kaka alikuwa chini ya udongo siku ya tano, na mimi sikuwa na kitu kingine cha kumfanyia. Nikalifunga daftari, nikalikalia.

Baba mdogo akamgeukia Mzee Jilala. "Mkwe, na wewe ulinyamaza miaka yote?"

"Mayunga alikuja mwenyewe akanieleza," Mzee Jilala alisema. "Aliomba misimu miwili. Wa pili ulikuwa uishe mwaka huu. Ningekuwa na haraka ningekuja na fimbo, nisingekuja na jembe la kumzika."

"Chagueni," Generoza alisema. Hakupaza sauti. "Kama pikipiki ni ng'ombe zenu, ichukueni, mpeni huyu. Mimi na wanangu tunaondoka leo na baba yangu. Kama mnataka watoto wabaki na jina la Mayunga, basi pikipiki ndiyo mahari, imeshatoka kwenu. Haigawiwi hapa."

Wazee walitoka wakaenda nyuma ya zizi. Tuliwasikia wakimfokea baba mdogo. Constantine aliangalia saa yake mara mbili, kisha akaenda kukaa ndani ya pikapu. Waliporudi, baba mdogo alizungumza akiangalia chini.

"Watoto wabaki. Mkwe, mahari yako ile pale."

Mzee Jilala alimzunguka Twiga, akamgonga tangi kama anayepima ndama. "Baba, unaitaka?" Generoza akamuuliza.

"Mimi miguu haifiki. Chukua, mwanangu."

Generoza hakungoja kesho. Aligeuza kinu, akapanda na kanga yake ya msiba, akawasha. Injini ile nilikuwa sijaisikia tangu kaka alale, nikalia mbele ya watu wote bila aibu. Alipita kando ya pikapu ya Constantine akaelekea barabara ya Bariadi, kumwambia mnunuzi kwamba kazi anaitaka.

Msimu huo walisema mengi. Kwamba mjane hakai juu ya chuma cha marehemu, kwamba ataanguka. Alianguka, mara mbili, kwenye mchanga wa mto, akainuka akaenda. Waseme.

Mwezi wa saba alifika Ngulyati asubuhi na bei kutoka mjini, saa nzima kabla ya Constantine. Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya marobota yake ya pamba.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma. "Bei leo?"

Generoza akamtajia ile ile aliyowatajia wengine. Baba mdogo akakubali. Generoza alipotaka kuondoka hapakuwa na kitu cha kupandia. Baba mdogo akatazama huku na huku, kisha akaenda jikoni kwa mkewe, akarudi amebeba kinu, akakigeuza chini juu kando ya gurudumu.

"Panda basi," akasema. "Unatuchelewesha."