Siku Loleza Aliposhuka Mjini Kula

Usiku wa kuamkia Jumanne, Subilaga Mwaisumo aliota kwamba Mlima Loleza umeshuka mjini Mbeya kutafuta chakula.

Tumjue kwanza mwenye ndoto, maana ndoto isiyo na mwenyewe ni uvumi. Subilaga ni mhudumu wa mapokezi katika nyumba ya wageni pale Sokomatola, mpole kwa wageni na mkaidi kwa ndugu zake. Jumatatu ile mwenye nyumba alimwagiza aandike karatasi ya kubandikwa nyuma ya kila mlango: mgeni akifika Mbeya, ale wapi na ajiburudishe wapi. Akaandika sehemu kumi na moja, kwa mwandiko mzuri kabisa. Ya kumi na mbili aliiruka kwa makusudi, na hiyo ndiyo inayopika vizuri kuliko zote: mgahawa wa dada yake, Bupe, kule Kabwe.

Walikuwa hawajasemezana miaka miwili. Mama yao alipofariki, Bupe aliichukua sufuria kubwa ya marehemu bila kumuuliza mtu, akafungulia nayo mgahawa. Siku ya ufunguzi Subilaga alipita mlangoni, njaa inamkata tangu asubuhi. Bupe akamtengea ndizi kwa maharage, akamwambia mbele ya wateja wote, "Karibu tule, mdogo wangu."

"Asante, nimeshiba," Subilaga akajibu, akaendelea na njia yake.

Watu husema hivyo kila siku, na hakuna aliyekufa kwa kusema. Lakini Bupe analijua tumbo la mdogo wake tangu utotoni, na neno lile lilimchoma. Subilaga aliona lilivyomchoma, na ndiyo maana hakurudi.

Haya, ndoto yenyewe.

Ni saa nane mchana. Subilaga yuko mapokezi. Mwanga unapungua mlangoni, anainua macho, na Loleza huyo amesimama kizingitini. Ameuvua ukungu wake na kuushika mkononi kama mzee anavyoshika kofia. Miti yake yote imechanwa kama nywele. Ukubwa wake ni uleule wa siku zote, ila mlango umemtosha.

"Shikamoo, mzee," akasema Subilaga, maana adabu haina likizo.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kula."

Kitabu cha wageni kilijifungua chenyewe, kikakohoa vumbi. "Jina?"

"Loleza."

"Kazi?"

"Kukaa."

"Unatoka wapi?"

"Juu."

"Unakwenda wapi?"

"Nimeshafika."

Kitabu kikanung'unika kwamba watu wa namna hii ndio wanaochafua kumbukumbu, lakini kikaandika.

"Tangu mji huu ukiwa vibanda vinne nawaona mnakula," mlima ukamweleza Subilaga. "Moshi wa nyama unanipanda. Harufu ya wali mpya inanipanda. Vigelegele vya harusi vinanipanda. Sijasikia hata siku moja mtu akiniambia karibu."

Subilaga aliona aibu kwa niaba ya jiji zima. Akaichukua karatasi yake, wakatoka.

Sehemu ya kwanza ilikuwa ya nyama choma, Mwanjelwa. Loleza akaketi kwenye kiti cha plastiki, nacho kikamwambia asiwe na wasiwasi, kimezoea wajumbe wa kamati za harusi. Jiko likamkatia mbavu za mbuzi, kisha likamgeukia Subilaga.

"Na wewe, dada, karibu."

"Asante, nimeshiba," akajibu kwa mazoea.

Papo hapo akashiba. Sketi ilimkaza kiunoni. Mbavu alizozikataa zilikuwa tumboni tayari, hazikupita mdomoni, hazikumwachia ladha wala chumvi.

"Leo ukisema umeshiba, unashiba," jiko likamweleza. "Ni agizo."

"La nani?"

"La mdomo wako."

Waliingia mlango wa jikoni, wakatokea ukumbi wa dansi, ambao kwenye karatasi ulikuwa wa nne. Bendi ilikuwa vyombo vitupu, visivyo na wapigaji, na vilipomwona mgeni vikaanza. Loleza akacheza. Jamani, akacheza! Sakafu haikutikisika hata kidogo, lakini vijito vilimtiririka mgongoni, ndege wakamtoka mabegani kundi baada ya kundi, na glasi zote mezani zikasimama wima kwa heshima. Subilaga hakuwahi kuona kitu kikubwa kiasi kile kikifurahi.

"Njoo tucheze, mwanangu."

"Nimechoka, mzee," akasema, na miguu ikamchoka ghafla kana kwamba imelima ekari nzima.

Ndivyo walivyokwenda. Kuku wa kienyeji, nimeshiba. Wali wa Kyela, nimeshiba. Samaki, nimeshiba. Kufikia sehemu ya kumi na moja tumbo lilikuwa limemtangulia hatua mbili, na hakuwa ameonja hata punje.

Loleza akajifuta mdomo kwa wingu. "Karatasi yako imekwisha, mimi bado. Nyinyi wenyeji mnakula wapi?"

Subilaga akaanza kuikunja karatasi.

"Ameruka moja," karatasi ikasema.

"Nyamaza wewe."

"Ameruka moja, mzee, na anajua."

Loleza akasukuma mlango ulioandikwa CHOO.

Ulifungukia uwanjani. Ni uwanja mkubwa wa mpira, jua limewaka, na hakuna mtazamaji hata mmoja. Kwenye kila kiti, kuanzia chini mpaka safu ya juu kabisa, kuna sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Maelfu kwa maelfu. Mvuke unatoka pembeni mwa vifuniko, unapanda pamoja, unakuwa wingu moja jeupe na kuelekea mjini.

Subilaga aliogopa, na wakati huohuo alitaka kukaa pale siku zote.

"Naweni kwanza," likasema birika la kunawia mikono, lililokuwa mlinzi wa lango. Liliwamiminia maji ya vuguvugu, likaongoza njia. "Hivi ni vyakula vilivyokaribishwa vikakataliwa. Kila aliyesema ameshiba hali ana njaa, sahani yake iko hapa. Ule ukungu wenu wa asubuhi mnadhani ni baridi? Ni mvuke wa hapa."

Wakapita safu kwa safu. Hapa kande za mkwe aliyeona haya. Pale nusu chapati ambayo mwanafunzi alimkatia mwenzake. Hapa uji wa askari aliyekuwa zamu. Subilaga hakujua kwamba jiji lake limewapikia watu kiasi hiki, na watu wakapita.

"Haviharibiki?"

"Aliyepika akikata tamaa, kinapoa. Vingi vimepoa."

Birika lilisimama. Kwenye kiti kulikuwa na kibao: Subilaga Mwaisumo, ndizi kwa maharage, Kabwe. Akafunua. Mvuke ukampiga usoni.

"Miaka miwili, na bado cha moto?"

"Kinapashwa kila jioni."

"Na nani?"

"Unaniuliza kitu unachokijua," likasema birika.

Loleza alikuwa ameshaketi. "Hiki ndicho nilichokifuata," akasema.

"Ni haki yako, mgeni hanyimwi," likajibu birika, kisha likamgeukia Subilaga. "Ila ujue, dada, mgeni akikila, kimekwisha. Aliyepika hatapasha tena, wala hatakukaribisha tena. Kama unakitaka, sema sasa."

"Niseme nini?"

"Ukweli. Hapa hatupokei kingine."

Mkono wa mlima, mpana kama uwanja wa shule, ukaanza kushuka juu ya sahani. Subilaga akafungua mdomo. Nimeshiba zote za siku ile zilikuwa zimejazana kooni, zinasukumana kutoka, na kila moja ilikuwa nyepesi kusema. Akamfikiria Bupe akipuliza mkaa jioni baada ya jioni, bila kumwambia mtu. Machozi yakamtoka.

"Nina njaa," akasema.

Shibe yote ikamwishia, mara moja, kama ndoo iliyomwagwa.

"Sijasikia," Loleza akasema. Masikio yake yako juu sana.

"Nina njaa, mzee! Nina njaa tangu siku ile!"

Vifuniko vya uwanja mzima vikatikisika. Mkono ukasimama, ukarudi mahali pake. Mlima ukasogea pembeni kidogo, ukatulia, ukangoja. Subilaga alichukua muda kuelewa unangoja nini.

"Karibu tule, mzee," akasema.

Loleza aliinamisha kichwa, na vijito vyake vyote vikatiririka kwa wakati mmoja. "Ndaga," akashukuru kwa sauti ndogo. Wakala sahani moja, yeye upande wake, mlima upande wake, ukimega vidogovidogo ili usimpunje. Ndizi zilikuwa laini, maharage yamekolea maziwa. Zilikuwa na ladha ya nyumbani kwa mama yao, na Subilaga alikula huku analia, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Akaamka. Saa kumi na mbili na robo, ukungu umeziba dirisha.

Hakunywa chai. Alivaa sweta, akatembea mpaka Kabwe, na njia nzima hakupanga atasema nini. Bupe alikuwa amesimama mlangoni mwa mgahawa, sahani mkononi, amekunja uso.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Bupe akaitika. Kisha, kwa kuwa hasira ya asubuhi ilikuwa karibu zaidi kuliko ya miaka miwili, akamnyooshea sahani. "Hebu tazama. Kila jioni natenga chakula, nakifunika, nafunga mlango kwa kufuli. Asubuhi nawamwagia kuku." Hakusema anamtengea nani. "Leo nimekuta sahani imelambwa, na imefunikwa vilevile. Panya gani anafunika?"

Subilaga akatazama. Sahani ilikuwa nyeupe kabisa. Ukingoni, mahali ambapo mtu mwenye adabu huweka mfupa, kulikuwa na kijiwe cha kijivu, kidogo kuliko harage, na juu yake kimeota kijimea cha mlimani, kibichi, kina umande.

"Na hilo jiwe ndilo limenitia uchungu," Bupe akaendelea, sauti ikimpanda. "Maharage yangu nayachambua mara mbili! Anayeniachia jiwe pembeni ya sahani ananitukana."

"Hakukutukana, dada. Ni la kwake mwenyewe."

"La nani?"

"Nitakueleza." Safari hii neno lilitoka lote. "Kwanza nina njaa."

Bupe aliishusha sahani. Akajipangusa macho kwa ncha ya khanga. Kisha akaingia ndani, akavuta benchi, akaenda kuchochea moto.