Mvinyo wa Mawe

Baba yao alipogawa shamba, kaka mtu alipewa bonde lenye udongo mweusi, dada mtu akaachiwa kilima cha kokoto. "Sasa utakamua mawe?" kaka alimtania, na tangu siku hiyo watu wakamwita Mama Mawe. Yeye alitulia kama maji ya mtungi, akapanda mizabibu yake hukohuko juu.

Leo watengeneza mvinyo wote wa sehemu ile walijaa kwenye chumba cha kuonjea cha kaka. Kwa desturi yao, wifi alikuwa amezivalisha chupa zote soksi ndefu, ili mtu ahukumu kwa ulimi, si kwa lebo. Watu wakaonja, wakatema kwenye ndoo, wakakunja nyuso. Kaka alipofika kwenye soksi ya kijani, hakutema. Alimeza, akafumba macho, akajimiminia tena.

"Jamani, mwekundu huu ni wangu," alisema akijipiga kifua. "Mwanangu namtambua hata gizani."

Mama Mawe alikuwa ameshautambua kwa harufu tu. "Una uhakika, kaka?"

"Nani mwingine hapa anaweza kutoa kitu kama hiki?"

Chumba kizima kikamuunga mkono. Hakuna chupa iliyoukaribia. Ndipo dada akaivua ile soksi taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala. Kwenye lebo palichorwa kilima cha kokoto.

Kaka alibaki na glasi mdomoni.

"Ndiyo mawe hayo, kaka," alisema dada. "Nikuongezee?"